Barua ya wazi: Mheshimiwa, mafunzo ya kuokoa moyo uliyotuahidi gatini yako wapi?

Kwako Mheshimiwa,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na watu wa nyumbani kwako. Jina lako sitalitaja, wala ofisi yako sitaitaja. Unajijua, na sisi tuliokuwepo gatini Amu, yaani Lamu mjini, siku ile tunakujua. Nakuandikia hadharani kwa sababu nimeshaandika kwa siri nikachoka. Barua zangu nilizileta kwa mkono, zikapigwa muhuri wa kupokewa, na mpaka leo hakuna aliyeniita wala aliyenipigia simu hata kuniambia ngoja.

Mimi ni nahodha wa boti ya abiria. Mokowe na Amu, Amu na Mokowe, na siku nyengine Shela au uwanja wa ndege wa Manda. Nabeba walimu, wanafunzi, wafanyabiashara, wajawazito, wagonjwa, na maiti pia nabeba. Huenda na wewe nimewahi kukuvusha.

Kwanza nikukumbushe maneno yako. Yule mtoto wa mtaani kwetu alipozama hatua chache kutoka gatini, ulikuja kutupa pole. Watu walijaa mpaka mbele ya jumba la makumbusho. Ulisema kabla ya Maulidi kila nahodha, kila hamali, kila mwalimu wa madrasa na wa skuli atafundishwa bure namna ya kumsaidia mtu ambaye moyo wake umesimama. Ukasema na mashine ya kushtua moyo itawekwa pale pale gatini, mahali mtu yeyote ataifikia usiku na mchana. Tulikupigia makofi. Mamake yule mtoto alikuwa amekaa nyuma na wanawake wenzake, naye aliinua mikono akakuombea dua. Maulidi yale yalikuja yakapita. Yakaja mengine. Wageni wakajaa mui mzima, wakala, wakasoma, wakarudi kwao, na gatini hapakuletwa mkufunzi wala mashine.

Wiki iliyopita ami yangu amefia kwenye boti yangu.

Alikuwa fundi wa milango. Ukipita mtaa wa Mkomani, milango kadhaa yenye nakshi unayowaonyesha wageni wako ni kazi ya mikono yake na ya babake. Alikwenda Mokowe kupokea mbao zilizoshushwa na lori, akarudi nami saa tano asubuhi, mbao zimelazwa katikati ya boti naye amekaa pembeni yake. Tulipokuwa tumeshaacha gati la Mokowe nyuma alimwegemea mama mmoja aliyekaa karibu naye. Yule mama akaona haya, akamsukuma taratibu akidhani amesinzia. Kisha ami akaanza kukoroma. Pumzi moja nzito, kimya, halafu nyengine, mdomo wazi. Mtu akasema mzee amechoka, mwacheni alale. Mwengine akasema si usingizi, tazameni midomo. Wakammwagia maji usoni. Wakampepea kwa leso. Wakamvua kofia, wakalegeza kikoi, mmoja akawa anamfinya vidole vya miguu, mwengine anamsomea. Mimi nilikuwa kwenye usukani, nimefungua injini mpaka mwisho, na boti yenye mbao na abiria haiendi mbio hata uiombe vipi. Tulipofika gatini mahamali walimpakia kwenye mkokoteni wakakimbia naye. Daktari alifanya alichoweza. Alitoka akatwambia moyo ulikuwa umesimama zamani.

Mheshimiwa, mle botini tulikuwa na mikono mingi, yenye nguvu, ya watu wa kazi, na hakuna hata mkono mmoja uliowahi kuonyeshwa la kufanya. Hilo ndilo linaloniuma.

Mpwa wangu ni baharia wa meli za nje. Alikuja mazishini, na usiku wa pili wa matanga alituweka chini tukaongea. Baharia yeyote wa meli za kimataifa, kabla ya kupanda meli, hupitia mafunzo ya msingi ya usalama, na huduma ya kwanza imo ndani yake. Alituambia kule kukoroma si kupumua. Moyo ukishasimama, mtu anaweza kuendelea kutweta pumzi za mbali mbali kwa muda mfupi, na hapo ndipo watu wengi duniani hudanganyika wakamwacha. Alama ni mbili: haitiki ukimwita na kumtikisa, na hapumui kama kawaida. Ukiziona hizo, usitafute kitunguu, usitafute maji, anza kukandamiza kifua.

Akachukua mto wa kochi akaupigia magoti. Kiganja kimoja katikati ya kifua, kwenye mfupa, cha pili juu yake, viwiko vimenyooka, mabega yamesimama juu ya mikono. Kwa mtu mzima unabonyeza sentimita 5 hadi 6, haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila ukibonyeza unakiachia kifua kirudi juu chote ndipo damu iingie moyoni tena. Unamlaza mahali pagumu, kwenye ubao wa boti, si juu ya godoro. Aliyefundishwa huhesabu 30, akampa pumzi 2, akarudi. Asiyefundishwa kupumulisha aendelee na kubonyeza tu, asisimame. Tulijaribu kila mmoja. Vijana wanaobeba magunia ya saruji kutwa nzima walitoka jasho kabla ya dakika 2 kwisha, na ndio maana inatakiwa mtu zaidi ya mmoja ajue, wapokezane. Shangazi yangu, mke wa marehemu, alikuwa amesimama mlangoni anatutazama. Aliuliza swali moja tu: haya mulikuwa hamuwezi kujifunza mwezi uliopita?

Nimebaki na swali hilo, nami nakukabidhi wewe.

Tangu siku ile silali. Nimeandikisha maelezo kwa askari, na nawashukuru walinisikiliza kwa adabu, lakini huku mitaani maneno hayana askari. Kuna wasemao mzee amekufa kwa kuchelewa kwa boti. Kuna abiria wangu wa kila siku sasa wanapanda boti ya mwenzangu. Injini nimeikopea, na mkopo haujui msiba. Mwanangu wa kiume, niliyekuwa namzoesha usukani, amesema hataki tena bahari. Mbao za ami ziko uani kwangu, mwenye kuagiza mlango ananipigia kuuliza, nami sijui nimjibu nini. Yote haya nayabeba. Lakini sikuandika ili unihurumie mimi. Kesho atakuwa mwengine, katika boti ya mwengine, na atakufa kifo hiki hiki huku watu wakimpepea.

Na usije ukaniambia tusubiri boti ya wagonjwa. Hata ungetununulia boti kumi mpya, hesabu yake haiendi. Ubongo usipopata damu huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi. Kwa moyo uliosimama ghafla, kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua na bila kushtuliwa kwa mashine, nafasi ya mtu kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Sasa wewe mwenyewe kokotoa. Kuvuka kutoka Mokowe kwa boti ya kawaida ni nusu saa hivi. Mtu wa Shela umbebe vipi? Mtu wa Kizingitini, wa Siyu, wa Ndau, wa Kiwayu? Maji yakikupwa, mkondo wa Mkanda haupitiki kwa boti nzito, na bahari ya kusi haimwonei mtu huruma. Ndani ya mui vichochoro vyetu ni vya punda na watu, gari haliingii. Mahali ambapo daktari hawezi kufika kwa dakika 4, aliye karibu ndiye daktari, awe ni muuza samaki.

Haya si mambo mapya yaliyogunduliwa jana. Mwaka 1960 madaktari wa Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, waliandika kwamba moyo uliosimama unaweza kusukumwa kwa mikono kutoka juu ya kifua, bila kupasua mtu, na kwamba mtu yeyote, popote, anaweza kulifanya. Kenya ilikuwa bado haijapata uhuru. Sisi tunafundishwa lini?

Vijana wetu wameliona kwa macho. Juni 2021, kombe la Ulaya, Denmark wanacheza na Finland pale Copenhagen, Christian Eriksen alianguka uwanjani peke yake, hakuguswa na mtu. Hapa Amu vibanda vya mpira vilinyamaza. Moyo ulikuwa umesimama. Walimkandamiza kifua pale pale kwenye nyasi, wakamshtua kwa mashine, akazindukana kabla hajatolewa uwanjani, na mwaka uliofuata akarudi kucheza Uingereza. Fabrice Muamba, mwanasoka mzaliwa wa Kinshasa, mwaka 2012 moyo wake ulisimama dakika 78, yu hai mpaka leo kwa sababu waliomzunguka hawakuacha kubonyeza. Na wazee wenzangu wanamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Kameruni, aliyeanguka uwanjani Lyon, Ufaransa, mwaka 2003 akafa. Vijana waliniuliza matangani: yule Eriksen alipona kwa sababu ni tajiri? Nikawajibu hapana, alipona kwa sababu walioanza kumsaidia walikuwa pale pale na walijua la kufanya.

Tena hao Denmark hawakuwaachia wanasoka peke yao. Tangu mwaka 2005 watoto wa skuli wanafundishwa, na anayetaka leseni ya gari naye hufundishwa. Waliposhikilia hivyo, na mambo mengine wakayaboresha pamoja, kati ya mwaka 2001 na 2010 wapita njia waliokuwa tayari kukandamiza kifua waliongezeka maradufu, na waliokuwa hai siku 30 baada ya moyo kusimama wakapanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Shirika la Afya Duniani liliunga mkono mwaka 2015 kwamba watoto wa kuanzia miaka 12 wafundishwe saa 2 tu kwa mwaka. Saa 2, Mheshimiwa. Vikao vyako gatini huwa virefu zaidi.

Kuhusu wanaozama nataka nikae kidogo, maana ndilo lililokuleta kwetu mara ya kwanza. Mtoto akitolewa majini hapa kwetu, watu humshika miguu wakamning'iniza kichwa chini, au wakamlaza wakambonyeza tumbo maji yatoke. Wanafanya kwa mapenzi, wanalia huku wanafanya. Lakini dakika zinakwenda, na kinachotoka tumboni kinaweza kurudi kuingia mapafuni. Aliyezama moyo wake husimama kwa kukosa hewa, kwa hivyo yeye huanziwa pumzi, mdomo kwa mdomo, ndipo kifua kikandamizwe, na kuendelea hivyo hivyo. Yeye si sawa na ami yangu aliyeanguka mkavu. Tofauti hii haijulikani kwa kubahatisha, na haisomeki kwenye bango la ukutani. Lazima mtu aonyeshwe, ashike sanamu la mazoezi, akosee, arekebishwe. Ndio maana tunadai mkufunzi. Vipeperushi ulivyotuletea mara ile, vilivyoandikwa kwa Kiingereza, viliishia kufungia visheti.

Sasa nije kwenye mashine. Mashine ipo. Nimeiona. Iko katika ofisi moja, ndani ya kabati la kioo, bado imevalishwa nailoni iliyokuja nayo, na kabati lina kufuli. Mwenye ufunguo hutoka saa kumi na moja jioni, na Jumamosi na Jumapili hayupo. Mheshimiwa, mashine hii ilitengenezwa kwa ajili ya watu wasiokuwa madaktari. Ukiiwasha inaongea, inakuambia hatua kwa hatua. Unamkausha mtu kifua, hasa akitoka majini, unabandika pedi moja kifuani chini ya mtulinga wa kulia, ule mfupa utokao shingoni kwenda begani, na nyengine ubavuni kushoto chini ya kwapa, halafu yenyewe inausoma moyo. Kuna hali ambayo moyo haujatulia kabisa, unatetemeka tu kama samaki aliyetupwa sitahani, hausukumi damu. Hali hiyo ndiyo inayoshtuliwa na mashine ili moyo upate kuanza upya mpigo wake. Ikiona si hali hiyo, haitoi umeme, hata ubonyeze kitufe kwa nguvu zako zote. Kwa hivyo hofu ya kwamba wananchi wataua watu kwa mashine haina msingi. Na zile pedi zina tarehe ya mwisho ya kutumika, imechapwa kwenye pakiti. Zinazeeka mle kabatini huku sisi tunazikana.

Kwa nini imefungiwa, sijui kwa yakini. Wako wasemao inangojewa siku mkubwa atakuja kukata utepe. Wako wasemao fungu la mafunzo lilihamishiwa kwengine, au wakufunzi walitaka posho na tikiti za ndege hadi Manda zikaonekana ghali. Mimi nahisi ni jambo jengine: walioko juu wanaamini haya ni ya hospitali, na kwamba hamali na nahodha hawawezi kufahamu. Ikiwa ndivyo, njoo utujaribu. Sisi tunasoma nyota na mikondo tangu utotoni.

Sheria iko upande wetu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la Nne limewapa kaunti huduma za afya na za kusafirisha wagonjwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 7, inaeleza wazi kwamba matibabu ya dharura yanaingiza na huduma anayopewa mtu kabla hajafika hospitali. Kabla hajafika, Mheshimiwa. Kwetu huku, kabla hajafika ni baharini.

Tena watu wa kufundishwa mnao tayari. Wahudumu wa afya ya jamii waligawiwa mikoba yao mwaka 2023, wana kipimo cha presha na cha sukari. Mmoja wao, binti wa mtaani kwetu, alimpima ami yangu mara nyingi na kumsihi ameze dawa zake. Binti yule amelia kuliko wengi. Mfundisheni yeye kwanza, afundishe wanawake wenzake, maana wako akina mama ambao hawataki kuguswa na mwanamume, na wako wanaume ambao wataogopa kumgusa kifua mama asiyekuwa maharimu wao mpaka roho itoke. Masheikh wetu wanaijua hukumu ya dharura, nimezungumza nao, wako tayari kuisema msikitini siku ya mafunzo. Walimu wawili wa madrasa wamejitolea ukumbi. Watu wameshajipanga. Anayekosekana ni wewe.

Nataka nini basi? Nilitaka mashine itoke kabatini iwekwe gatini Amu, na nyengine Mokowe, Shela na Faza, mahali pasipo kufuli, na mtu wa kuangalia betri na pedi zake. Nilitaka kila nahodha asipewe ruhusa ya kubeba abiria mpaka aonyeshe kwamba anajua kukandamiza kifua, na mimi niwe wa kwanza kupimwa. Nilitaka skuli zote. Nilitaka yafanywe bure, kwa sababu kijana wa kubeba mizigo akiambiwa alipe ada ya cheti atachagua unga wa watoto wake, na hana makosa.

Lakini naona nikidai mengi nitapewa tena hotuba. Basi nayapunguza. Tuletee mkufunzi mmoja na sanamu moja la mazoezi. Ikiwa siku nzima ni ghali, tuletee kwa asubuhi moja, siku ya maji kukupwa ambapo boti nyingi zimefungwa na manahodha wako bure. Posho yake tutamchangia. Chakula atakula kwangu. Kumvusha kutoka Mokowe na kumrudisha ni juu yangu, na mafuta ni yangu. Mpwa wangu anarudi melini mwisho wa mwezi, na akishaondoka hatuna hata wa kutukumbusha.

Mkufunzi mmoja, asubuhi moja. Ninachokuomba unijibu ni tarehe. Niandikie tarehe, hata kwa ujumbe wa simu, nambari yangu iko kwenye barua zangu ulizonazo mezani, nami nitawaita watu.

Wako kwa heshima,

Nahodha wa boti ya abiria,
Amu.